Nilivyoifufua S4 yangu niliyoambiwa bodi imekufa

Januari ni mwezi wa sare za shule. Ukiwa fundi cherehani pale Majengo, Dodoma, chai yenyewe unakunywa umesimama. Ndio mwezi ambao Galaxy S4 yangu iliamua kugoma kwenye nembo: inawaka, inaandika Samsung, inazima, inawaka tena. Usiku kucha. Na vipimo vya wateja karibu wote vilikuwa humo, nimevipiga picha kutoka kwenye daftari.

Fundi simu mmoja wa mjini aliishika dakika mbili, akaipimapima kiganjani kama anachagua nyanya. "Mzee, bodi imekufa hii. Nikupe elfu kumi na tano niitoe vipuri?" Nikachomoa betri, nikaitia simu mfukoni, nikaondoka. Bodi, ile saketi kuu ya simu, ikiwa imekufa inaleta nembo? Mimi ni mshona suruali, lakini si mjinga kwa kiwango hicho.

Mpwa wangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), amepanga Ng'ong'ona, na ana kompyuta ya mezani. "Mjomba, hiyo ni ya kuflashi tu," akasema, yaani kuiwekea mfumo wake upya kutoka kwenye kompyuta, na tayari anashusha faili. Nikamwambia subiri, tusome kwanza kibandiko chini ya betri. Modeli ni GT-I9500. Yeye alikuwa anashusha la I9505! Kwa sura ni mapacha, lakini prosesa ni tofauti kabisa, na faili la moja halimfai mwenzake. Bando langu likawa limeliwa bure. Faili sahihi lilizidi GB 1.5, tukaliacha lishuke usiku. Gharama yote labda elfu sita, labda saba.

Kadi ya kumbukumbu niliitoa mapema, maana picha zangu zilikuwa kwenye kadi. Zingekuwa ndani ya simu ningekuwa naandika habari nyingine hapa.

Asubuhi tukafungua Odin, ile programu ya kuflashia Samsung ambayo kampuni yenyewe haijawahi kuwagawia wananchi, ilivuja tu. Kwenye simu unashikilia sauti chini, Home na kitufe cha kuwashia kwa pamoja, kisha sauti juu kukubali. Roboti la kijani likatokea, simu iko tayari kupokea faili. Tukachomeka waya. Kompyuta kimya.

Mpwa akaweka upya draiva, programu inayoifanya kompyuta itambue simu. Kimya. Akaiweka mara ya tatu. Rafiki yake akapita mlangoni, akashauri tupige Windows upya, na kijana akaanza kutafuta flashi diski! Windows upya, kwa ajili ya simu! Mimi jicho langu lilikuwa kwenye ule waya. Mwembamba, ulikuja na taa ya kuchaji ya mnadani. Nguo ikikataa kukaa, mshonaji anageuza ndani nje. Nikatoa wembe wa kufumulia nikauchana ganda. Ndani nyuzi mbili tu, nyekundu na nyeusi. Hizo ni za moto. Nyeupe na kijani, zinazobeba data, hazikuwekwa kabisa! Waya ule ungechaji simu mpaka kiama na kompyuta isijue kuna simu. Mpwa alinyamaza. Nilifurahia ule ukimya.

Tukaazima waya wa jirani, uliotoka na simu yake. Kisanduku cha Odin kikawa bluu papo hapo: simu imeonekana. Faili tukaliweka sehemu ya AP, ya faili kuu la mfumo, Re-Partition hatukuigusa (inagawa upya hifadhi ya simu, usiiguse), tukabonyeza Start. Mstari ukatembea mpaka katikati ya system, sehemu ya mfumo wenyewe, halafu nyekundu: FAIL. Simu ikaonyesha picha ya simu, pembetatu ya njano na kompyuta, pamoja na maandishi ya kutisha. Jasho likanitoka. Nikamkumbuka yule fundi na elfu kumi na tano zake.

Kumbe hata kwenye skrini ile simu bado inapokea. Tatizo lilikuwa tundu la mbele la kompyuta, limelegea na limejaa vumbi letu la Dodoma. Tukahamia tundu la nyuma, lililounganishwa na bodi moja kwa moja. Tundu la simu nilikwangua kwa kijiti cha meno. Sindano ninazo mia, lakini chuma huko ndani kinaweza kupiga shoti. Start tena. Hakuna aliyegusa meza. Nilikuwa naomba umeme usikatike, maana kompyuta ya mezani haina betri. Kijani: PASS.

Ikarudi kwenye nembo ile ile! Hapo unaingia rikavari, menyu ya matengenezo ya simu, sauti juu badala ya sauti chini, unafuta data zote. Kuwaka kwa kwanza kulichukua karibu dakika kumi. Wenye Android 5.1 kwenda juu, kumbukeni nywila ya Google kabla ya kufuta, itaulizwa. Yangu ni 5.0.1, haikuuliza kitu.

Wiki iliyopita yule fundi simu alikuja kushona suruali mbili. Nikampima kiuno, nikaandika, nikalipiga picha daftari kwa S4. Aliiangalia kidogo. Hakuuliza, nami nikamwambia bei ni elfu ishirini kila moja.