Ile Alama Moja ya Baba Mdogo

Daftari lenyewe ninalo mpaka leo. Jalada lake la bluu limechujuka, na nyuma lina jedwali la kuzidisha. Ukurasa wa tatu nimeorodhesha hadithi kumi na mbili, na mbele ya kila moja ipo alama yangu kati ya kumi, kwa wino wa bluu. Pembeni zipo za baba mdogo, kwa kalamu nyekundu aliyokuwa akijazia kitabu cha treni. Mstari wa tisa una 9 nyekundu iliyokatwa, na juu yake imeandikwa 10. Aliikata usiku mmoja wa Desemba 2003, nami nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye meza yake.

Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne. Nyumbani Dar es Salaam waliona nisikae bure kusubiri matokeo, wakanipeleka kwa baba mdogo, aliyekuwa stesheni masta kwenye kituo kidogo cha Reli ya Kati, magharibi ya Dodoma. Hiyo ndiyo reli ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Pale kituoni palikuwa na jengo la ofisi, nyumba tatu za watumishi, tangi la maji, mibuyu, na baada ya hapo pori. Njia ni moja tu, kwa hiyo treni mbili zinazotoka pande mbili lazima moja isubiri kituoni mpaka nyingine ipite. Kazi ya baba mdogo ilikuwa hiyo. Simu ya kituo cha jirani ikilia, anaandika kwenye kitabu, anajibu, anaangalia saa ya ukutani, kisha anachukua taa na kutoka.

Siku moja kabla ya safari nilinunua kitabu kwa mmoja wa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara. Hakikuwa na jalada. Kilikuwa cha Kiingereza, mkusanyiko wa hadithi fupi za kutisha za waandishi wa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Nilikichukua kwa sababu ya bei na kwa sababu ya mchoro wa mkono uliokatwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Umeme haukuwepo. Betri za redio zilitunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na baada ya taarifa redio ilizimwa. Ndipo mama mdogo akaniuliza ninasoma nini mchana kutwa chini ya mbuyu na kamusi mapajani. Nikamwambia. Akasema, "Basi tusimulie na sisi." Tangu siku hiyo ratiba yangu ikawa moja: mchana nasoma, usiku nasimulia kwa Kiswahili ofisini kwa baba mdogo, yeye yuko mezani karibu na simu, mama mdogo yuko kwenye mkeka anamenya karanga za mbegu. Hadithi ikiisha tunatoa alama. Wazo la alama lilikuwa langu. Nilikuwa nimetoka shule, na sikujua njia nyingine ya kupima kitu.

Siku za kwanza niligawa alama kwa kuhesabu damu. Hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1843, ya yule anayemuua mzee kwa sababu ya jicho lake, akamfukia chini ya mbao za sakafu, kisha akausikia moyo wa marehemu ukidunda mbele ya askari mpaka akakiri mwenyewe, niliipa 10 bila kufikiri. Baba mdogo aliipa 5. Alisema mwuaji huyo alikuwa na kelele tangu mwanzo, na mtu mwenye kelele hamwogopi. Nilibishana naye usiku ule. Leo ningeipa 8, maana sauti ya yule msimulizi, jinsi anavyosisitiza kwamba yeye si mwendawazimu, bado inanikaa masikioni.

Hadithi ya Guy de Maupassant, ya kiumbe kisichoonekana kinachokunywa maji ya mtu usiku, ilimfanya mama mdogo ainuke akafunike mtungi. Ile ya Algernon Blackwood, ya wasafiri wawili kwenye kisiwa cha mto Danube katikati ya vichaka vinavyosogea, ilinishinda kuisimulia. Hofu yake yote imo kwenye upepo na maji na majani, na Kiswahili changu cha wakati ule hakikufika huko. Niliipa 4, alama ambayo hadithi ile haikustahili.

M. R. James alikuwa akiwasomea rafiki zake hadithi zake mkesha wa Krismasi, huko chuoni King's, Cambridge. Zinasikika hivyo: zinatulia kama mtu anayeongea karibu na moto, halafu kitu kinasogea. Kwenye ile ya mwaka 1904, profesa anaokota filimbi ya kale kwenye magofu, anaipuliza, na usiku shuka la kitanda cha pili chumbani mwake linainuka lenyewe na kukaa. Chumba changu pale kituoni kilikuwa na vitanda viwili. Niliondoa shuka la kile cha pili nikalilalia, na asubuhi nikaandika 9.

Kulikuwa na ya Charlotte Perkins Gilman pia, ya mwaka 1892. Mwanamke amejifungua, hajisikii vizuri, mume wake ni daktari na anaamua kwamba dawa ni kupumzika tu: asiandike, asifanye kazi, akae kwenye chumba cha juu chenye nondo madirishani na karatasi ya njano ukutani. Siku zinavyokwenda anamwona mwanamke mwingine akitambaa ndani ya michoro ya ile karatasi. Nilisimulia nikitegemea mama mdogo atauliza kuhusu huyo wa ukutani. Hakumuuliza. Alisema, "Jini hapo ni yule bwana." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mwanamke akiwa bado na uzazi mchanga hafungiwi peke yake na mawazo, watu humzunguka, humkanda, humsemesha. Akasema nimwandikie 10. Hakuwahi kutoa 10 nyingine.

Ila usiku uliochemka zaidi ulikuwa wa mkono wa nyani, hadithi ya W. W. Jacobs ya mwaka 1902. Wazee wawili wanapata mkono mkavu wa nyani uliotoka India, wenye uwezo wa kutimiza maombi matatu. Mume anaomba pauni 200. Kesho yake mtu anakuja kutoka kiwandani: mwana wao amenaswa na mashine, amekufa, na kampuni inatoa kifuta machozi. Pauni 200. Mama anamlazimisha mume aombe mwana arudi, na usiku mlango unagongwa.

Hapo mikono ya mama mdogo ilisimama juu ya karanga.

"Amfungulie," akasema.

"Mama mdogo, mtoto alisagwa na mashine. Ana siku kumi tangu afe."

"Nimesikia. Amfungulie."

Nikaendelea: mama anahangaika na komeo la juu asilolifikia, baba anapapasa sakafuni akiutafuta ule mkono, anaupata, anaomba ombi la tatu, na mlango unapofunguliwa nje ni barabara tupu na taa inayowaka. Baba mdogo akasema mzee alifanya sawa. Mama mdogo akasema mzee aliogopa, na kuogopa si sawasawa na kufanya sawa. Waliendelea hivyo mpaka simu ikalia. Mama mdogo alikataa kutoa alama, na kwenye daftari mstari wake una kistari tu. Mimi nilikuwa nimeandika 7 mchana, kwa kuwa maiti haonekani. Usiku ule nikaandika 9. Ndipo nilipoelewa kwamba Jacobs alimwacha yule mtoto nyuma ya mlango kwa makusudi, ili kila msikilizaji aamue mwenyewe kama angefungua.

Hadithi ya tisa ni ya Charles Dickens, ya mwaka 1866, na ni ya reli. Niliichelewesha kwa kuwa ilinichosha: nusu yake ni wanaume wawili wanaongea kibandani. Mchana niliipa 6.

Msimulizi amesimama juu ya genge, chini yake reli inaingia kwenye tundu la mlima, na mlangoni mwa tundu yuko mtumishi anayeongoza treni kwa taa na kengele. Msimulizi anaita, "Halo! Wewe huko chini!" Yule mtu hatazami juu. Anageuka na kutazama reli.

"Alitazama reli?" baba mdogo akauliza.

"Alitazama reli."

"Huyo mtu wa kazi."

Baadaye yule mtumishi anaeleza kwa nini. Maneno hayohayo ameshayasikia, kutoka kwa mtu anayetokea mlangoni mwa tundu, mkono mmoja umefunika uso, mwingine unapunga kwa nguvu. Mara ya kwanza alipotokea, saa chache baadaye treni zilipata ajali. Mara ya pili, binti mmoja alikufa ndani ya behewa. Sasa ametokea tena, na kengele kibandani inalia kwa namna ambayo yeye peke yake anaisikia. Nikasimulia anavyojitesa: akituma ujumbe "Hatari," wataujibu, "Hatari gani? Wapi?"

"Naye hana la kujibu," akasema baba mdogo kabla sijafika. "Watamwachisha kazi."

"Ndivyo anavyosema mwenyewe, baba mdogo."

Aliinuka akaenda dirishani, akarudi. Nikamaliza. Jioni ya kesho yake msimulizi anarudi na kukuta yule mtumishi ameuawa asubuhi na kichwa cha treni. Alikuwa amesimama karibu mno na reli, taa mkononi, mgongo ameupa tundu. Dereva alikuwa amemwita kwa maneno yaleyale, akafunika uso asione, na mkono mwingine akapunga mpaka mwisho.

Baba mdogo akachukua daftari akaandika 9. Nilimuuliza ile moja imekwenda wapi. "Mtu wa kazi haipi treni mgongo," akasema. "Mwandishi kakosea hapo."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba tarehe 9 Juni 1865 Dickens mwenyewe alikuwa ndani ya treni iliyoanguka Staplehurst, Uingereza, kwenye daraja lililokuwa likitengenezwa, na kwamba watu 10 walikufa huku yeye akiwahudumia majeruhi. Nilimpigia simu baba mdogo, ameshastaafu, nikamwambia. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwenye bendera alisimama wapi?" Yule wa kuionya treni kwa bendera alisimama karibu mno na daraja, kama nusu ya umbali uliotakiwa. Akanyamaza, kisha akasema basi ndiyo maana.

Lakini hiyo ni baadaye. Siku ya pili baada ya hadithi ile tulikaa wawili tu ofisini, mama mdogo alikuwa na homa na amelala. Sikusimulia kitu. Baba mdogo akaanza kuzungumzia Igandu. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilishindwa mlima huko Igandu, mkoa huuhuu wa Dodoma, ikarudi nyuma ikagonga treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Haikuwa kwenye kituo chake wala karibu na kituo chake. Lakini watu wa reli ni ukoo mmoja, na aliniambia kwamba miezi ile alikuwa anasikia treni usiku. Anatoka na taa, anasimama kwenye mataruma, anatazama huku na huku: giza. Anarudi, anaketi, anaisikia tena. Siku za mwanzo alitoka kila mara. Kisha akaanza kutoka mara moja moja. Kisha akawa anaisikia na kuendelea kuandika.

"Usiku mmoja," akasema, "nilikuwa nje, naikagua njia. Nikaisikia. Nikasema moyoni, ni ileile. Sikugeuka."

Ilikuwa treni ya mizigo, na ilikuwa ya kweli. Dereva alipiga honi naye akaruka.

Alivuta daftari, akaikata ile 9 kwa mistari miwili kama anavyokata kosa kwenye kitabu cha treni, akaandika 10 juu yake. "Mtu aliyeitwa bure mara nyingi," akasema, "siku anaitwa kweli hageuki. Mwandishi hakukosea."

Simu ikalia. Akajibu, akaandika, akaangalia saa, akachukua taa. Nilimfuata kwa macho dirishani. Kabla ya kufika relini aligeuka mara mbili, na alipofika aligeuka tena.