Nilivyopata fedha za chuo za kuanzia utafiti na wenzetu wa Ufilipino

Naandika haya kwa sababu ushauri mbovu niliopewa kuhusu fedha za chuo za kuanzisha ushirikiano na watafiti wa nje bado unazunguka kwenye korido zetu, na vijana waliotoka kumaliza uzamivu wanaufuata.

Niliambiwa: tafuta profesa wa Ulaya mwenye jina kubwa, omba barua ya kukuunga mkono, kisha jaza bajeti kwa tiketi za ndege, warsha ya uzinduzi na posho. Andiko langu la kwanza lilifuata njia hiyo. Likakataliwa, na mhakiki mmoja akaniachia swali lililonifaa kuliko semina zote: fedha hizi zikiisha, mtabaki na kitu gani ambacho leo hamna?

Fedha zenyewe ni kidogo. Kwetu ni milioni kumi na kitu, pengine pungufu, na tiketi mbili na hoteli zinazila karibu zote. Hazitoshi utafiti mkubwa, ila zinatosha kumwonyesha mfadhili mkubwa kwamba pande mbili zimeshafanya kazi pamoja na zinaelewana. Basi nikaanza upya kwa kuandika ukurasa mmoja wa ombi kubwa nililotamani kuliwasilisha baadaye, nikapigia mstari kila sentensi ambayo sikuwa na data ya kuitetea. Sentensi zile ndizo zikawa bajeti.

Utafiti wangu ni wa mwani, Mlingotini, Bagamoyo. Mwani wa biashara tunaolima pwani hii mbegu yake ilitoka Ufilipino. Zanzibar kilimo chake kilianza mwaka 1989. Aina zake ni mbili: kuna spinosamu na kuna kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo inayokufa bahari ikipata joto: matawi yanapauka, yanalainika, yanakatika. Kina mama wamehangaika nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wengi wamebaki na spinosamu ya bei ya chini. Kwa nini basi nimtafute mshirika Ulaya, wakati wenyewe wa zao hili wako Ufilipino na wanasumbuliwa na ugonjwa huohuo?

Hapa ndipo penye jambo ninalojivunia. Sikuandika barua ya kuomba ushirikiano. Barua za namna hiyo hata mimi nazipokea na sizijibu. Nilisoma makala za kikundi kimoja cha kule, nikaona wanapima joto kwenye kamba zinazoelea maji ya kina. Sisi tunafunga mwani kwenye vigingi, maji mafupi, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hukupwa jua likiwa limeshapanda. Rekodi za joto za mahali hapo nilikuwa nazo. Nikachora grafu moja, nikawatumia na data yake yote, na swali moja tu: kwenye kamba zenu, joto likipanda namna hii, matawi huanza kupauka baada ya muda gani?

Jibu likaja na grafu yao. Nikauliza tena, wakauliza na wao, maana takwimu za maji mafupi hawakuwa nazo na walizitaka. Kabla sijataja fedha, tayari tulikuwa na jedwali moja lenye safu zao na safu zetu. Nililiweka kwenye andiko kama kiambatisho, na wahakiki wote wakalitaja kwenye maoni yao. Barua ya profesa mwenye jina haiwezi kufanya kazi hiyo.

Bajeti haikuwa na tiketi hata moja. Tulinunua vipimajoto vya kuzamisha vya aina moja kwa pande zote mbili, mtu asije akasema tofauti imetokana na vifaa, na tukawalipa kina mama waliopima uzito wa mwani kila bamvua. Sampuli hatukusafirisha. Kupeleka mwani nje kunataka mkataba wa kuhamisha sampuli, na mgeni akija kukusanya data lazima awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Taratibu hizo ni za haki na tutazifuata kwenye mradi mkubwa, ila kwenye mradi wa mwaka mmoja zinakula muda. Mikutano tulifanya saa mbili asubuhi, kwao saa saba mchana.

Kama chuo chako ni cha umma, ununuzi utapitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, kwa hiyo andaa sifa za kifaa unachotaka hata kabla ya majibu kutoka. Na umwone mhasibu mapema kuhusu malipo ya watu wasio na risiti za mashine. Mimi nilimfuata na fomu ya wapokeaji kuweka sahihi akaikubali kwa maandishi, ndiyo maana urejeshaji wa masurufu, yaani hesabu ya fedha nilizopewa mkononi, haukunitesa.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyenishauri ni ukurasa mmoja tuliosaini na Wafilipino kabla ya kipimo cha kwanza: data itahifadhiwa wapi, nani mwandishi wa kwanza wa makala ipi, na mmoja akihama chuo nini kinafuata. Wao wanaongoza makala ya ugonjwa, sisi ya joto la maji mafupi. Ukurasa huo umeingia kama ulivyo kwenye ombi kubwa, ambalo tumeliwasilisha kwa majina ya pande zote mbili kama viongozi wa mradi.