Bidoni ya kila asubuhi

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Goma bado ni giza, lakini bidoni za njano zimekwisha kuanza kugongana njiani kuelekea ziwani. Mvua hunyesha nyingi hapa kwetu, ila huzama katika mawe ya volkano upesi kuliko watu wanavyoweza kuikinga. Maji ya kupika na kufua yanaletwa kwa bidoni ya lita 20, leo, na kesho tena. Sauti hiyo hunifanya niwaze juu ya imani yetu. Tunapenda mkesha wa Ijumaa, tunapenda mfungo wa siku tatu, na ni vema. Lakini mkesha ni mvua. Jumanne jioni nyumba ina kiu.

Wanaokatisha kusoma Biblia kila siku, wengi wao si wavivu. Wamejitwisha mzigo usiobebeka. Mtu anafungua Mwanzo tarehe 1 Januari, sura tatu kwa siku. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40, kwa hiyo anazimaliza tarehe 30. Siku ya pili yake anaingia Mambo ya Walawi, huku vipimo vya hema vimemchosha tangu Kutoka 25, na sasa anakutana na sadaka za kuteketezwa na sheria za ukoma. Akikosa siku nne, ana deni la sura 12. Aibu inamshika, Biblia inafungwa mpaka mwaka mwingine. Deni hilo ndilo linaloua. Kwa hiyo siku iliyopita hailipwi: soma ya leo tu. Mana pia iliokotwa kila asubuhi, kila mtu kadiri ya ulaji wake, na iliyolazwa iliota mabuu.

Anayeanza, aanze na Marko: sura 16, nusu sura kwa siku, mwezi mmoja na siku mbili. Baadaye Zaburi 119, ambayo inatisha kwa aya zake 176, lakini imegawanyika yenyewe katika mafungu 22 ya aya nane nane. Fungu moja kwa siku linatosha kabisa. Mwenye pumzi achukue Agano Jipya lote: sura 260, yaani sura moja kwa siku tano za juma, majuma 52, na mwisho wa juma anabaki huru.

Saa je? Usitegemee kengele ya simu. Umeme ukikatika usiku, simu inazimika na wewe unalala. Funga kusoma kwako kwenye kazi ambayo haina budi kufanyika, kama kuwasha babula, jiko letu la makala (makaa). Unapanga makala, unawasha, unaitoa nje penye upepo. Kwanza ni moshi mtupu. Halafu makala ya pembeni yanaanza kuwa mekundu, yanapasuka kidogo, na majivu meupe yanayafunika polepole. Kabla sufuria haijaketi juu zimepita dakika kumi, pengine kumi na tano. Hizo ndizo zako. Kigoda, Biblia ya karatasi (ile ya simu huja na ujumbe wa WhatsApp, na macho yatakwenda huko), kaye (daftari) na biki (kalamu). Soma kwa sauti ya chini, mara mbili, bila haraka. Sauti huyazuia mawazo yasitangulie sokoni Birere kabla ya miguu.

Kwenye kaye mistari mitatu inatosha: tarehe na andiko, sentensi moja ya kilichokugusa, tendo moja la leo. Hapo kwenye tendo ndipo watu wanapokosea. Wanaandika "niwe na upendo zaidi", na jioni hawajui kama wamekuwa nao au la. Andika hivi: "Kabla ya saa sita nimrudishie mama jirani pesa yake ya unga." Hilo, jioni, lina ndiyo au hapana.

Jioni kwenyewe ni dakika tano. Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliacha mpango wake katika karne ya 16, na nadhani Mprotestanti naye anaweza kuutumia bila wasiwasi: shukuru, omba mwanga, pitia siku saa kwa saa, omba msamaha, amua la kesho. Wengi huruka shukrani na kuanzia kwenye makosa, kisha wanalala wamevunjika moyo.

Na usidhani mambo haya madogo ni ya kitoto. Kijana wa mji huu, Floribert Bwana Chui, alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisifike kwa walaji, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma. "Hapana" kama ile, naamini, haitungwi saa ileile bahasha inapowekwa mezani.

Kuna jambo moja zaidi, na kwa Goma ni la lazima: kukariri. Mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, watu walitoka na watoto na godoro, na vitabu vilibaki. Zaburi iliyo moyoni haibaki. Zaburi 121 ina aya nane: aya moja kwa juma, miezi miwili. Jumatatu iandike kwa mkono, Jumanne ifunike nusu, Jumatano na kuendelea iseme bila kutazama, na kila mara anzia aya ya kwanza, la sivyo utakuwa na vipande visivyoungana. Wafundishe watoto pamoja nawe. Wao hushika upesi na watakusahihisha. Ukifika aya ya nane, ile ya kutoka na kuingia, iseme mlangoni, mkono ukiwa bado kwenye kufuli.