Wi-Fi ya meshi katika nyumba ya mawe: Nakuru ikitazamwa kutoka Minnesota

Wengi wetu tuliohamia Marekani tunapofunga mizigo ya kwenda nyumbani huweka humo seti ya Wi-Fi ya meshi, yaani vituo kadhaa vinavyopokezana mtandao mmoja ndani ya nyumba, kwa sababu simu ya video na wazazi ina thamani kwetu kuliko zawadi nyingi tunazobeba. Seti iliyofika kwetu Nakuru ilikuwa na vituo vitatu, kimoja kwa kila sakafu ya nyumba ya familia iliyoko Milimani, kwenye mteremko ulio chini ya Menengai. Huku Minnesota seti ya aina hiyohiyo huhudumia nyumba nzima bila taabu. Kule, baraza ya ghorofa ya pili, ambako Mama hupenda kuketi jioni akilitazama ziwa, ilibaki bila mawasiliano ya kuaminika. Sura yake iliganda katikati ya mazungumzo, sauti ikakatika, na mpwa wangu anayeishi naye akawa ananiandikia: “Mjomba, alama za Wi-Fi zimejaa lakini hakuna kinachofunguka.”

Sentensi hiyo ya kijana ilikuwa na nusu ya jibu. Alama zinazoonekana kwenye simu hueleza tu jinsi simu inavyokisikia kituo kilicho karibu nayo, wala hazisemi lolote kuhusu jinsi kituo hicho kinavyokisikia kituo kikuu kilichounganishwa na modemu, kile kifaa cha mtoa huduma kinachoingiza intaneti nyumbani. Simu ya Mama ilikuwa hatua chache kutoka kituo cha juu, kwa hiyo alama zilijaa. Lakini kituo chenyewe kilikuwa kikipokea mabaki ya mawimbi kutoka chini. Mtandao wa meshi hauzalishi intaneti mpya. Unaipokezana tu, na kituo dhaifu hakiwezi kutoa zaidi ya kile kinachokifikia.

Sababu kubwa ya tofauti kati ya nyumba hizi mbili imo katika ujenzi. Nyumba nyingi za huku zina fremu za mbao zilizofunikwa kwa bodi za jasi, na hata sakafu ya juu ni mbao, vitu ambavyo mawimbi ya redio huvipenya kwa urahisi. Nyumba yetu ya Nakuru imejengwa kwa mawe ya kuchonga, na kati ya sakafu moja na nyingine kuna zege lililosukwa nondo. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 10 zinazopotea huacha sehemu moja tu ya kumi ya nguvu iliyokuwapo. Si ajabu zege la namna hiyo kumeza desibeli 20, yaani kubakisha asilimia 1, na hasara huwa kubwa zaidi katika masafa ya gigahezi 5 kuliko yale ya gigahezi 2.4. Kwa hiyo masafa ya kasi, ambayo vituo hupendelea kuyatumia kuwasiliana vyenyewe kwa vyenyewe, ndiyo yanayoathirika zaidi na sakafu zetu. Watengenezaji huandika kwenye kasha eneo ambalo seti inaweza kulihudumia, na mnunuzi wa kwetu anapaswa kulipunguza sana eneo hilo kabla ya kuliamini.

Nilimwomba mpwa wangu asihamishe chochote kabla ya kupima, kwa kuwa mtu akihamisha vifaa kabla ya kupima hatajua kilichomsaidia ni kipi. Aliunganisha laptopu moja kwa moja kwenye modemu kwa kebo, akapata karibu megabiti 40 kwa sekunde, ambazo ndizo tunazolipia. Hapo mtoa huduma akaondolewa lawamani. Kisha alipima kando ya kila kituo: chini kasi ilikuwa ileile, ghorofa ya kwanza ikapungua kiasi, na ghorofa ya pili haikufika megabiti 3. Programu ya vifaa vyenyewe huonyesha pia nguvu ya kiungo kati ya vituo kwa kipimo cha dBm, ambacho huandikwa kwa namba hasi. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo kiungo kinavyokuwa imara. Kwa simu ya video inafaa ibaki karibu na -67 au juu yake. Kituo cha juu kilikuwa chini ya -80.

Kituo hicho kilikuwa kimewekwa kwenye kona ya chumba cha kulala, nyuma ya kabati lenye kioo kirefu, na kile cha chini kilikuwa sebuleni nyuma ya televisheni, upande wa pili wa nyumba. Mawimbi yalilazimika kulipita zege kwa mshazari, na njia ya mshazari ni ndefu kuliko ya wima, kisha yakute kuta za mawe na mgongo wa kioo, ambao una utando wa madini unaoyarudisha nyuma. Dawa ya kwanza ilikuwa ngazi. Katika nyumba ya ghorofa, tundu la ngazi ndilo pengo pekee kubwa katika zege, na vituo vikiwekwa kwenye vibaraza vya ngazi, juu ya meza au rafu, kimoja karibu kabisa juu ya kingine, vinasikilizana kupitia hewa badala ya mawe. Kiungo kilipanda hadi -70 hivi, na Mama akaanza kuonekana vizuri siku nyingi, ingawa si zote.

Kilichobaki kilitokana na mambo mawili. La kwanza ni modemu ya mtoa huduma, ambayo ilikuwa bado inatangaza Wi-Fi yake yenyewe pembeni ya kituo kikuu, na simu zilizoizoea ziliing'ang'ania hata zikiwa juu. Mpwa wangu aliizima Wi-Fi hiyo, kisha akakiweka kituo kikuu katika hali ya kusambaza tu, ili kazi ya kugawia simu na kompyuta anwani zao za mtandao ibaki kwa modemu peke yake badala ya vifaa viwili kuifanya kimoja nyuma ya kingine.

La pili ni kupokezana kwenyewe. Kituo cha juu kilipata data kupitia cha kati, na kituo chenye masafa mawili tu kikipokea na kutuma katika masafa yaleyale, muda wa hewani hugawanyika, hivyo kasi hushuka karibu nusu kila inapopokezwa. Ndugu mmoja alishauri tununue kituo cha nne. Niliupinga ushauri huo, na ningeupinga kwa yeyote aliye katika hali kama yetu, maana kituo cha nne kingeongeza hatua nyingine ya kupokezana juu ya njia ambayo tayari ni dhaifu.

Tiba yenyewe ni kebo. Nyumba haikujengewa mabomba ya nyaya za mtandao, lakini kulikuwa na bomba la kebo ya dishi linalotoka sebuleni na kupanda ukutani hadi darini, na fundi aliweza kuvuta ndani yake kebo ya mtandao ya aina ya Cat6 mpaka ghorofa ya pili. Nilisisitiza mambo matatu. Kebo iwe ya shaba halisi, kwa sababu madukani zipo za bei nafuu ambazo ni alumini iliyopakwa shaba. Isiingizwe katika bomba moja na nyaya za umeme. Na isipitishwe nje ya nyumba. Hilo la mwisho nawaomba hasa ndugu wa Kisumu, Kakamega na Kisii walitilie maanani, kwa kuwa radi za upande huo ni nyingi, na waya wa shaba uliotandazwa kati ya nyumba kubwa na jiko la nje unaweza kuingiza mshtuko hadi kwenye kila kifaa. Kati ya jengo na jengo tumieni faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme. Urefu wa kebo ya shaba usizidi mita 100, kipimo ambacho nyumba ya kawaida haikifikii. Kituo cha juu kilipochomekwa kwenye kebo, kasi ya barazani ilifanana na ya sebuleni, na mpaka leo imebaki hivyo.

Kuhusu umeme nitasema machache. Adapta ya kifaa kilichonunuliwa Marekani isomwe kabla ya kuchomekwa Kenya: ikiandikwa 100–240V, kinachohitajika ni plagi ya kubadilishia tu; ikiandikwa 120V pekee, itaungua kwenye umeme wetu wa volti 240. Betri ndogo ya kushikilia modemu na kituo kikuu inafaa pia, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, vituo saidizi vinaweza kuwaka kabla ya kile kikuu na kushika njia mbaya.

Kwa wenzangu mnaojenga sasa mkiwa mbali, zungumzeni na fundi kabla sakafu ya kwanza haijamwagwa zege. Bomba la milimita 25 kutoka pale faiba itakapoingilia hadi katikati ya dari ya kila sakafu, moja kwa kila sakafu na lisilo na kona kali, ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na kuchimba mawe baadaye. Ndani ya kila bomba iachwe kamba ya kuvutia kebo, na kabla ya plasta fundi awapigie picha za kila ukuta akiwa ameshikilia futi ya kupimia kando ya bomba, ili atakayetoboa siku nyingine ajue lilipo.