Uso wa 2007 kwenye Land Cruiser ya zamani
Hapa Mtwara wapo wanaodhani kwamba Land Cruiser ya mfululizo wa 70 itafanana na za baada ya 2007 kwa kubadilishiwa shoo (ule wavu wa mbele katikati ya taa) na boneti tu. Mwaka huo Toyota ilipanua sehemu ya mbele ili injini ya V8 ienee, kwa hiyo boneti mpya haikai sawasawa mpaka fenda, taa na bampa vibadilishwe pia. Kwangu mimi, shoo safi ya toleo lilelile la gari inatosha. Asiyeridhika na hilo anunue uso mzima uliotoka kwenye gari moja, akague kutu kwenye kingo za ndani (upepo wetu wa bahari hauna huruma), na ahakikishe kwamba kufuli ya boneti inashika kabla rangi haijapigwa.