Mradi wa binti wa hadithi: ngumi ya "Pakawa" imekubali jamani!

Wiki ya tatu niko kwenye sekunde mbili tu za katuni, na jana saa saba usiku zimekubali. Nimefurahi mpaka usingizi umenikimbia.

Mnamjua binti wa katuni yangu, akisimulia kiumbe wa hadithini uwezo wake unamwingia mikononi anapigana nao. Shida ilikuwa kila akitaka kupiga lazima asimame asimulie, na jambazi mikono chini anamsubiri, pambano linakufa pale pale. Nikafupisha maneno, bado. Nikaweka sauti juu ya ngumi, ikawa kama watu wawili, mmoja anahadithia mwingine anapigana, nilichoka kwa kweli.

Sasa juzi bibi anamhadithia mtoto wa dada, akasema paukwa, mtoto mdomo umejaa wali akajibu pakawa bila hata kufikiri. Nikajua hapo hapo. Nguvu iko kwa anayeitikia! Kwa hiyo binti anaita "Paukwa!" huku anakwepa, jambazi naye kalelewa na hadithi, "Pakawa" inamtoka yenyewe, na kwenye ile "wa" ngumi inatua mbavuni. "Kaondokea" anaingia ndani kwa mguu, "chanjagaa" kiwiko.

Nachora picha 12 kwa sekunde, na ngumi niliipa picha 6, ikawa inaelea kama yuko majini. Nimebakiza 3: bega linazunguka mkono bado uko nyuma, mkono umenyooka, umetua. Ile ya kutua nikaigandisha kidogo, na uzito ukaja wenyewe. Nafanyia yote kwenye Krita, programu ya kuchora, ni ya bure na kuona kivuli cha picha iliyopita kunanitosha kabisa, watu wasiwatishe na programu za kulipia, ila seivu kila mara maana kompyuta yangu ikizidiwa inazima na kazi.

Wiki hii nilipanga kupaka rangi. Siwezi, nimemkumbuka Liyongo, yule shujaa wa hadithi za Waswahili. Silaha hazimwingii ila sindano ya shaba kitovuni, maana yake binti akimwita yeye anapokea mapigo kwa mikono mitupu bila kurudi nyuma, lakini kiwiko cha kushoto hakibanduki tumboni hata mara moja, na adui akikiona tu anajua pa kulenga. Nimeshachora picha 4 na kiwiko bado kinapanda juu sana.