Nilivyorudisha gari la mkopo Uingereza baada ya kupitisha maili

Ndugu na marafiki wanaotaka kuchukua gari kwa mkopo wa PCP (Personal Contract Purchase, mkopo wa gari unaokupa nafasi ya kulinunua au kulirudisha mwishoni) hapa Uingereza huniuliza swali lilelile: ukipitisha kikomo cha maili ulichokubali kwenye mkataba, wanakufanya nini? Nimeupitia mkataba wa aina hiyo mwanzo hadi mwisho, nikapitisha maili, nikalirudisha gari, na sikulipa chochote ambacho sikukitarajia. Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu naona watu wanaogopa vitu visivyostahili kuogopwa na kuyapita haraka maneno ambayo ndiyo hasa yenye pesa.

Mkataba wenyewe uko hivi. Unatoa kianzio, unalipa kila mwezi kwa miaka miwili mpaka minne, na mwishoni linabaki fungu moja kubwa. Ukililipa, gari ni lako. Usipotaka, unarudisha gari na fungu hilo halikuhusu tena. Fungu hilo ni makadirio ya kampuni ya mkopo kuhusu thamani ya gari siku mkataba utakapoisha. Gari likija kushuka chini ya makadirio, hasara ni yao. Sasa, gari lililotembea sana huuzwa kwa bei ndogo, ndiyo maana wanakuuliza mapema utatembea maili ngapi. Ukiahidi maili chache, wanakadiria thamani kubwa ya mwisho na malipo yako ya mwezi yanapungua. Ukiahidi nyingi, yanapanda. Nilipolielewa hilo niliacha kukiona kikomo cha maili kama katazo. Ni bei, na bei hupigiwa hesabu.

Pale yadi muuzaji alinionyesha hesabu moja tu, ya maili 8,000 kwa mwaka, kwa kuwa ndiyo iliyopendeza kwa mwezi. Nikamwomba anipe pia ya 10,000 na ya 12,000, kwa gari lilelile na kianzio kilekile. Alifanya bila shida. Halafu nikatafuta ukweli wa mwendo wangu. Serikali ya Uingereza ina tovuti ambapo unaweka namba ya gari na kuona maili zilizoandikwa katika kila ukaguzi wa MOT, ule wa kila mwaka wa usalama wa gari, na gari langu la zamani lilikuwa na rekodi ya miaka mingi. Nikatoa mwaka mmoja kwa mwingine, nikapata wastani. Naupendekeza mtindo huo kuliko kukisia, maana ukikisia mbele ya muuzaji utataja namba inayokupendeza wewe na yeye.

Hesabu yenyewe haihitaji utaalamu. Tuseme ada ya kupitisha ni peni 10 kwa maili, na unadhani utazidisha maili 2,000 kila mwaka kwa miaka minne. Hizo ni maili 8,000, yaani pauni 800. Ukizigawa kwa miezi 48 unapata karibu pauni 17 kwa mwezi. Kama kupandisha kikomo kunakuongezea chini ya hapo kila mwezi, pandisha. Kama kunakuongezea zaidi, ni nafuu kusaini kikomo cha chini na kuiweka kando ada yako mwenyewe. Nami nilichagua hivyo: nikasaini 10,000 badala ya 12,000.

Kabla ya kutia saini niliomba nakala ya mkataba nikasome nyumbani. Nilikuwa natafuta mambo machache. Je, kikomo kinahesabiwa mwaka kwa mwaka au jumla ya mkataba mzima? (Wangu ulikuwa wa jumla, kwa hiyo mwaka wa safari nyingi ungefidiwa na mwaka wa kukaa.) Je, ada ya maili imeshajumlisha VAT? Je, inabaki ileile, au inapanda ukishavuka kiwango fulani? Lakini swali lililonisaidia kuliko yote lilikuwa hili: ada hii inadaiwa lini? Jibu lilikuwa katika sehemu ya kurudisha gari, kurasa kadhaa mbali na pale kikomo kilipotajwa. Ada ya maili inadaiwa ukirudisha gari. Ukilipa fungu la mwisho na kubaki nalo, hakuna wa kukuuliza umetembea kiasi gani. Ukiliuza au kulibadilisha kwa gari jingine na deni likalipwa, vilevile hakuna ada, ingawa maili nyingi zitakuwa zimeshusha bei utakayopewa. Kwa hiyo kikomo na masharti ya kurudisha lazima visomwe pamoja. Ukisoma kimoja peke yake hujasoma mkataba.

Katikati ya mkataba kazi yangu ikahamishiwa mbali, na mwendo ukaongezeka sana. Hapo nilipima njia mbili. Ya kwanza ni kuwaomba kampuni wapandishe kikomo. Baadhi ya kampuni hukubali, na malipo ya mwezi huongezeka kwa muda uliobaki. Walinipa hesabu, nikailinganisha na ada, nikaona ada ni ndogo zaidi. Nikaongeza akiba ya ada hiyo niliyokuwa naiweka kila mwezi kwenye akaunti ya pembeni.

Njia ya pili ni ile ya sheria ya mikopo ya mwaka 1974, Consumer Credit Act, kifungu cha 99 na cha 100. Mwenye mkataba wa PCP ana haki ya kuusitisha kabla ya muda na kurudisha gari, na dhima yake inaishia kwenye nusu ya jumla ya pesa zote za mkataba, pamoja na malimbikizo kama yapo, mradi amelitunza gari inavyostahili. Watu wengi wanaisikia nusu hiyo wakadhani ni nusu ya miezi. Siyo. Jumla inahesabiwa pamoja na kianzio na lile fungu kubwa la mwisho. Chukua kianzio cha pauni 2,000, malipo 48 ya pauni 250, na fungu la mwisho la pauni 8,000. Jumla ni pauni 22,000 na nusu yake ni 11,000. Kwa kianzio na malipo ya mwezi utaifikia nusu hiyo mwezi wa 36, wakati wewe ulikuwa unangojea wa 24. Unaweza kusitisha kabla, ila utaongezea kilichopungua kufikia nusu. Kuhusu maili, kampuni hudai ada kwa uwiano wa muda uliotumia gari, na jambo hilo huleta ubishi, kwa hiyo soma mkataba wako unasemaje kabla hujaandika barua.

Na barua hiyo uiandike kwa uangalifu mkubwa. Hapa nataka nisikilizwe. Kusitisha mkataba kwa haki yako ya kisheria ni jambo moja, na kulisalimisha gari kwa sababu umeshindwa kulipa ni jambo jingine kabisa. Ukilisalimisha, gari linapelekwa mnadani na deni lote lisilofidiwa na bei ya mnada linabaki shingoni mwako. Mtu anaweza kupiga simu akiwa na wasiwasi, akapewa fomu ya kusalimisha, akaisaini akidhani zote ni sawa. Taja kifungu cha 99 kwa maandishi, na uweke nakala.

Haki hiyo pia haimo katika kila mkataba. Shemeji yangu alikuwa na gari la kukodi kwa miaka mitatu, lisilo na fungu la mwisho wala nafasi ya kulinunua. Aliponiambia, “Shemeji, na mimi nirudishe nikifika nusu,” ilibidi tukae naye tuusome wake, na hapakuwa na nusu yoyote. Kuvunja mapema kulikuwa na gharama yake iliyoandikwa humohumo.

Mimi niliendelea mpaka mwisho. Miezi michache kabla nilitafuta bei ya soko ya gari kama langu, lenye maili zangu halisi, nikailinganisha na fungu la mwisho. Kama soko lingekuwa juu, ningeliuza, nilipe deni, nichukue tofauti, na ada ya maili isingekuwepo. Soko lilikuwa chini. Nikaamua kulirudisha.

Ukaguzi wa gari ndio unaowatia watu hofu, lakini una vipimo. BVRLA, chama cha kampuni za kukodisha magari Uingereza, kina mwongozo wa uchakavu wa kawaida unaotumiwa na kampuni nyingi za mikopo. Kwa mfano, mkwaruzo mdogo usiozidi milimita 25 ambao haujafika kwenye bati wala rangi ya chini unakubalika. Mwongozo unashauri ulikague gari mwenyewe wiki 10 hadi 12 kabla ya kurudisha, na muda huo una maana: unakupa nafasi ya kupeleka rimu iliyochubuka kwa fundi, ambaye mara nyingi ni nafuu kuliko bei ya kampuni. Chagua fundi mzuri, kwa sababu ukarabati mbovu nao unatozwa. Nililiosha gari, nikaliacha likauke kabisa, nikalipiga picha mchana kila upande, tairi, viti, kioo cha mbele, na dashibodi ikionyesha maili. Nikaandaa funguo zote mbili na rekodi za sevisi.

Baadaye ilikuja bili yenye ada ya maili pamoja na alama kwenye kioo cha mbele. Picha zangu zilionyesha kioo kizima siku ya makabidhiano, nikazituma, wakaifuta alama hiyo. Wangekataa, ningepeleka malalamiko rasmi. Kampuni ina wiki nane za kujibu, na usiporidhika unakwenda Financial Ombudsman Service, chombo huru kisichotoza mlalamikaji, ndani ya miezi sita tangu jibu lao la mwisho.

Ada ya maili niliilipa kutoka kwenye ile akiba. Gari lililofuata nililichukua kwa mkopo wa HP (hire purchase, yaani kununua kwa awamu), ambao hauna kikomo cha maili wala fungu kubwa la mwisho. Malipo ya mwezi ni makubwa zaidi, lakini kwa umbali ninaoendesha sasa sikuona sababu ya kuendelea kununua maili.